Namna ya kuwatenganisha akina Glaukos katika visasili vya Kigiriki

Nimesahihisha insha ambamo Glaukos anatumbukia kwenye mtungi wa asali, analiwa na farasi, kisha anaonekana vitani Troia. Hao ni watu watatu. Mimi huwatenganisha hivi.

Hatua ya 1. Tafuta Glaukos na pia Glaucus, maana vitabu vinavyofuata Kilatini huandika hivyo.

Hatua ya 2. Kila habari iwe na kadi yake: baba, mahali, kifo, na nani kasimulia. Tumia kadi za karatasi. Jedwali la kompyuta linakulazimisha uamue nani ni nani kabla hujasoma vya kutosha.

Hatua ya 3. Panga kadi kwa jina la baba, usianze na mahali. Hapa usiwe na haraka. Utakuta Glaukos wa Korintho na Glaukos wa Potniai, Boiotia, ukadhani ni wawili. Tazama kadi zao: wote wana wa Sisyphos, wote wameliwa na farasi wao wenyewe. Ni mtu mmoja. Pausanias, mwandishi wa safari wa Kigiriki wa kale, anasema alifia kwenye michezo ya mazishi ya mfalme Pelias.

Kosa la kinyume limo katika Kitabu cha 6 cha Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troia. Glaukos wa Lykia anamtajia Diomedes, shujaa wa Kigiriki, ukoo wake: Sisyphos alimzaa Glaukos, Glaukos akamzaa Bellerophontes, Bellerophontes akamzaa Hippolochos, “naye ndiye baba yangu”. Kwa hiyo msemaji amerithi jina la baba wa babu yake, na ukisoma mbiombio unawaunganisha. Chora ukoo kutoka juu kwenda chini. Huyu wa chini ndiye aliyebadilishana silaha na Diomedes, akatoa za dhahabu zenye thamani ya ng'ombe 100, akapokea za shaba za ng'ombe 9. Ukisoma kwingine kwamba Bellerophontes ni mwana wa Poseidon, iandikie kadi yake. Ukoo alioutoa Homer uuache ulivyo.

Kifo nacho kina mtego. Glaukos mtoto wa Minos, mfalme wa Krete, alikufa kweli ndani ya asali, lakini mwaguzi Polyidos akamfufua kwa majani aliyoona nyoka akimfufulia mwenzake.

Hatua ya 4. Yupo Glaukos wa nne: mvuvi wa mji wa Anthedon, aliyekula majani akawa mungu wa bahari, hutajiwa baba tofauti tofauti. Yeye peke yake mtambue kwa mji.

Hatua ya 5. Andika Glaukos bin Sisyphos, Glaukos bin Hippolochos, Glaukos bin Minos, kila mara wanapotokea.