Somo: Kuitambua kopi ya kigari cha kijeshi cha Dinky

Nyumba za Wataliano hapa Malindi zikiuzwa, mara nyingi huuzwa na vilivyomo, na humo hutoka vigari vya zamani vya kuchezea. Wenye kopi nao hupenyeza mali yao hapo hapo. Nitatolea mfano Dinky, vigari vya kampuni ya Meccano ya Liverpool, ambayo kiwanda chake cha Binns Road kilifungwa 1979.

Hatua ya 1. Kigeuze. Muuzaji atakutumia picha ya ubavu inayong'aa. Wewe dai picha ya tumbo kabla M-Pesa haijatoka. Maandishi ya bamba la chini yawe na kingo kali. Kopi hutolewa kwenye kalibu iliyobanwa juu ya kigari halisi, kwa hiyo herufi huja butu, na vishimo vya hewa hujificha kwenye pembe.

Hatua ya 2. Kipime. Hapa ndipo kopi nyingi hukamatwa. Metali au resini (plastiki ya kumimina) ikiganda hunywea, basi kopi hutoka fupi kuliko mama yake. Kwa macho huoni kitu. Azima kalipa, kipimo cha meno mawili, kwa fundi, ulinganishe na kigari usichokitilia shaka. Pima urefu wa bodi, si mzinga, maana mzinga hupinda.

Hatua ya 3. Metali. Dinky ni aloi ya zinki, ngumu. Kopi nyingi ni za bati lililochanganywa na madini ya risasi: laini, nzito zaidi, ukigonga hulia kama kijiti. Mizani ya sonara itakwambia.

Hatua ya 4. Ribiti, yaani pini zinazoshika bamba la chini. Zikiwa zimetobolewa au zimekuwa skrubu, kigari kimefunguliwa. Huenda ni halisi kilichopakwa rangi upya, lakini bei ishuke.

Hatua ya 5. Sanduku. Nenda kwa wakala mwenye taa ya kukagulia noti. Karatasi ya siku hizi hung'aa buluu. Kadibodi ya miaka ya 1950 kwa kawaida hubaki imefifia.

MASWALI

Maalim, kifaru changu cha Centurion, nambari 651, kina minyororo mipya. Ni kopi? (Lamu)
Si lazima. Minyororo ya mpira huoza, joto letu nalo halisaidii, watu huibadilisha. Kosa ni muuzaji kunyamaza.

Na kilichoandikwa "Made in China"?
Kampuni ya Atlas Editions ilitoa marudio ya Dinky kwa idhini ya Mattel, wenye jina la Dinky. Hayo si ya wizi. Ila usilipe bei ya kigari halisi cha 1954.

Changu cha kabla ya vita kimepasuka-pasuka na kalipa inasema ni kirefu kuliko kawaida!
Huo ni uozo wa zinki: risasi iliingia kwenye aloi kiwandani, metali ikavimba. Kalipa haifai tena hapo, rudi kwenye maandishi ya tumbo. Dawa hauna, na unyevu wa bahari huuharakisha, lakini hauambukizi vigari vingine.