Kufunga GlusterFS seva tatu, umeme ukikata faili zisipotee

Wakuu, hapa Tanga umeme ukikata Ngamiani na seva yako moja ikazima vibaya, faili za ofisi ndo zishaenda, sasa dawa yake ni GlusterFS, programu ya kuunganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja, kila faili linaandikwa seva tatu kwa mpigo. Na nasema tatu, sio mbili. Mi nilianza na mbili kwa ubahili, waya wa netiweki ukachomoka, kila seva ikajiona ndo yenye faili sahihi, nikakesha hadi adhana ya alfajiri nachagua lipi libaki lipi lifutwe. Kama diski hazitoshi basi ya tatu iwe abita (arbiter, mwamuzi) tu, inatunza majina na taarifa za faili bila data yenyewe.

Kila seva iwe na diski ya peke yake, fomati kwa mfumo wa faili wa XFS, ipachike /data/brick1. Majina ya seva (hapa s1, s2, s3) yaandike kwenye /etc/hosts kote, fungua poti 24007 na zile za kuanzia 49152. Washa glusterd (huduma ya GlusterFS) seva zote, halafu ukiwa s1 piga hizi, gv0 ni jina la hifadhi ya pamoja:

gluster peer probe s2
gluster peer probe s3
gluster volume create gv0 replica 3 s1:/data/brick1/gv0 s2:/data/brick1/gv0 s3:/data/brick1/gv0
gluster volume start gv0

Kwenye mashine ya mtumiaji:

mount -t glusterfs s1:/gv0 /mnt/ofisi

Mtu asije akaandika moja kwa moja ndani ya /data/brick1, mtalia, pitieni /mnt/ofisi tu. Kujaribu, zima s2, andika faili, iwashe tena, piga gluster volume heal gv0 info, ukiona sifuri kote, yaani hakuna faili linalosubiri kusawazishwa, nenda kanywe chai.