Kufinyanga kwa gurudumu: katikati kwanza, kikombe baadaye

Wengi wanaoanza gurudumu wanakimbilia kutoa kikombe siku ya kwanza, mimi nakuomba sana usifanye hivyo, siku ya kwanza weka udongo katikati tu, utoe, uweke tena hata mara ishirini, maana donge likikaa upande hakuna kitakacholiokoa huko mbele.

Chukua kama kilo moja. Kanda mezani kama unga wa chapati ila usiukunje ukafungia hewa ndani, kisha ukate kwa mshipi wa kuvulia samaki uone kama kuna vitundu. Watu wanasema hewa ndo inapasua vyungu tanurini, mara nyingi sio hewa, ni maji yaliyobaki kwenye udongo yanageuka mvuke, lakini hewa nayo itakusumbua, vidole vikifika kwenye kitundu ukuta unayumba.

Viringisha kama chungwa kubwa, libamize katikati ya sahani ya gurudumu. Sahani iwe na unyevu kidogo tu, ikiwa na maji donge litateleza.

Sasa sogea karibu kabisa, viwiko uvikandamize kwenye mapaja na usiviachie. Hapo ndo kwenyewe, nguvu haitoki vidoleni inatoka mwilini. Kama unatumia mkono wa kulia gurudumu lizunguke kinyume cha saa, tena kwa kasi, lowesha mikono, kiganja cha kushoto kisukume ubavu wa donge kwenda katikati na wa kulia ukandamize juu. Donge litakurusha mkono, wewe usilifuate, mkono ukae palepale mpaka donge lenyewe litulie. Kisha libane kwa viganja viwili lipande kama kichuguu, lishushe, lipandishe tena, mara tatu nne hivi. Utajuaje limekaa? Fumba macho uguse taratibu, ukihisi kama gurudumu limesimama, tayari. Na kuachia ni polepole, ukichomoa mkono ghafla unalihamisha tena.

Punguza kasi kidogo, zamisha vidole gumba katikati, bakiza kitako cha sentimita moja hivi (choma sindano upime), halafu vuta kuelekea kwako kupanua.

Kupandisha ukuta: kidole kimoja ndani kimoja nje, usawa mmoja, bana udongo chini kabisa halafu panda nao polepole kwa mwendo uleule hadi mdomoni. Mivuto mitatu inatosha, ukizidisha maji na mikono udongo unachoka, unajikalia chini. Maji yaliyotuama ndani yafyonze na sponji. Kulainisha nje tumia kipande cha kibuyu, wala huhitaji kununua kifaa.

Pitisha mshipi chini, kiache kivulini kwenye ubao, siku inayofuata kikiwa kigumu kama ngozi kigeuze uchonge kitako, kisha kikauke taratibu kabisa kabla ya moto.

Ila chombo chako cha kwanza usikihurumie. Kikate katikati toka mdomoni hadi kitakoni uangalie ukuta, kwa wengi chini ni kinene na juu ni chembamba kama karatasi, hapo utaona kabisa vidole vyako vilichelewa kubana wapi, kisha kanda udongo uleule urudi kwenye gurudumu.