Kumwandaa Mtafiti wa Kigeni wa Afrika Mashariki kwa Njia ya Lugha

Tangu Marekani ilipopitisha Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa mwaka 1958, serikali yake imegharimia ufundishaji wa lugha, Kiswahili kikiwemo, kwa wataalamu wa maeneo, yaani wasomi wanaochunguza eneo fulani la dunia. Hata hivyo, sarufi ya darasani pekee haitoshi. Mpe mwanafunzi muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioandikwa kwa mkono, na akidhani kikao kilichofunguliwa saa 4 asubuhi kilianza kabla ya mapambazuko, ilhali jua lilikwisha kupanda, ujue bado hajaiva. Kisha akakae Unguja na familia kwa miezi kadhaa, aamkie wazee shikamoo na kusubiri marahaba kabla ya kuuliza lolote la utafiti. Mkalimani, kwa maoni yangu, aitwe mwishoni, tena kwa kuhakiki tu.