Jinsi ya kupima dai kwamba serikali inaficha ushahidi wa viumbe wa sayari nyingine

Kabla hujabishana, uliza: ni ushahidi wa aina gani? Mawimbi ya redio, jiwe la maabara na chombo cha angani kilichofungiwa kambini havifichiki kwa namna moja.

Kama ni mawimbi, dai la siri lina kazi kubwa. Ili yathibitishwe, darubini nyingine, mara nyingi ya nchi nyingine, lazima ielekezwe pale pale, na hakuna serikali inayomiliki anga la wenzake. Mradi wa Breakthrough Listen, unaotafuta mawimbi ya viumbe wenye akili angani, hutazama nyota dakika 5, kisha pembeni dakika 5, mara tatu. Mawimbi yakibaki hata darubini ikiwa pembeni, yametoka hapa hapa duniani. Halafu angalia masafa: chanzo cha mbali husogea polepole kwenye masafa kwa sababu dunia inajizungusha. Yakitulia tuli, shuku mtambo wa jirani.

Wengi hukosea kwa kuishia hapo. Mwaka 2019 darubini ya Parkes, Australia, ilinasa mawimbi ya megahezi 982 kutoka upande wa Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua. Yalipita majaribio yote mawili. Habari zikavuja magazetini Desemba 2020, uchambuzi ukiwa haujakamilika. Mwaka 2021 ikabainika ni mwingiliano wa vifaa vya binadamu, kwa kuwa mawimbi ya sura ile ile yalikutwa kwenye masafa mengine, hata darubini ilipoelekezwa kwingine. Yaani hata kitu ambacho hakikuwa chochote hakikukaa siri.

Mawe hayahitaji maelezo mengi. Mwaka 1996 watafiti wa NASA walipodhani wameona dalili za vijidudu katika kimondo cha Mirihi ALH84001, Rais Clinton mwenyewe alilitangazia taifa.

Chombo ni suala jingine. Watu wachache, kila mmoja akijua kipande chake tu, wanaweza kutunza siri miaka mingi. Kwa hiyo tafuta kwanza siri ya kawaida ya kijeshi. Mabaki yaliyookotwa karibu na Roswell, Marekani, mwaka 1947, ambayo wengi hudai ni ya chombo cha viumbe wa sayari nyingine, yalielezwa na Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1994 kuwa ya maputo ya mradi wa Mogul, yaliyotegwa kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti.

Kisha omba nyaraka. Sheria ya Marekani ya uhuru wa habari inamruhusu hata asiye raia. Taja idara, tukio moja, mahali na tarehe. Ukiomba "kila kitu" utazungushwa. Idara ina siku 20 za kazi kujibu, ingawa mara nyingi huchelewa. Ukipata kurasa zilizopakwa wino mweusi, soma alama iliyo kando: (b)(1) ni usalama wa taifa, (b)(6) ni faragha ya mtu. Wino hausemi kilicho chini yake. Mwaka 1980 NSA, idara ya Marekani inayonasa mawasiliano ya nchi za nje, ilikataa mahakamani kutoa nyaraka zake kuhusu vitu visivyotambulika angani, na kiapo chake cha maandishi akakisoma jaji peke yake. Kilipofunguliwa baadaye, kilionyesha kwamba nyingi zilikuwa ripoti za mawasiliano ya nchi za nje yaliyonaswa. Kilicholindwa ni sikio la NSA.

Mwisho, mashahidi. Tenganisha aliyeona na aliyesimuliwa. David Grusch, afisa wa zamani wa ujasusi wa Jeshi la Anga la Marekani, aliapa mbele ya Bunge la Marekani Julai 2023 kuhusu vyombo vilivyofichwa, lakini alitegemea maelezo ya wengine. Ripoti ya Machi 2024 ya AARO, ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayochunguza vitu visivyotambulika angani, haikupata ushahidi. Kwa kila shahidi uliza: nani alikishika, lini, wapi, na hati ya makabidhiano iko kwa nani?