Somo: Kutafuta mpasuko wa kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) kwa ultrasaundi

Wakuu, hili ni la wanaopokea majeruhi: ajali za gari, bodaboda, au kisu kilichoingia kati ya usawa wa chuchu na ukingo wa chini wa mbavu. Ultrasaundi ikikuonyesha mpasuko, mwite daktari wa upasuaji. Isipoonyesha kitu, usimwondolee mgonjwa shaka.

1. Njia ya hewa, kupumua na damu kwanza. Kiwambo unakitazama ukiwa unatafuta damu tumboni kwa ultrasaundi, palepale.

2. Chukua proubu (kifaa cha ultrasaundi kinachogusa ngozi) iliyopinda, ya megahezi 2–5. Anza kulia, mstari wa katikati ya kwapa. Juu ya ini utaona mstari mweupe uliojikunja. Ndicho kiwambo.

3. Hamia kushoto, na hapa usiharakishe. Ini hukinga upande wa kulia, hivyo katika ajali mipasuko mingi hugunduliwa kushoto. Gesi nayo hufunika picha, kwa hiyo rudisha mkono nyuma mpaka vifundo vya vidole viguse godoro. Itafute bandama. Isipokuwepo mahali pake, au ukiona utumbo unajinyonganyonga juu ya ule mstari, au ncha ya kiwambo inapepea ndani ya majimaji, hayo si ya kupuuza.

4. Washa M-modi, yaani picha inayochora mwendo wa mstari kadiri muda unavyopita. Kwa anayepumua taratibu mwenyewe, mstari hupanda na kushuka takriban sentimita 1–2. Linganisha pande zote mbili.

MASWALI

Mstari umelala bapa upande mmoja, ni mpasuko tayari?
Hapana. Maumivu ya mbavu zilizovunjika, pafu lililosinyaa au neva iliyoumia huleta picha hiyohiyo.

Daktari, na aliye kwenye ventileta (mashine ya kupumulia)?
M-modi haikusaidii sana, mashine ndiyo inayosukuma. Tena shinikizo lake huzuia viungo vya tumboni visipande kifuani. Vinaweza kujitokeza mpira wa kupumulia ukishatolewa. Mpime tena wakati huo.

Kwetu hakuna CT (mashine ya picha za ndani ya mwili), dada.
Pitisha mpira wa puani hadi tumboni, kisha piga eksirei ya kifua. Ncha ikionekana imejikunja kifuani, mpeleke panapofanyika upasuaji. Eksirei ikiwa safi na jeraha ni la kisu upande wa kushoto, bado anastahili rufaa akachunguzwe kwa laparoskopi, yaani kamera inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo.

Naona majimaji kifuani, niweke mrija?
Akihitaji, weka, ila tanguliza kidole upapase. Kinachoonekana kama majimaji huenda ni mfuko wa tumbo uliojaa chakula, umepanda kifuani. Na ile sindano ndefu ya chuma ya kuingizia mrija usiiguse.