Papa alishakufa, parseli (kiwanja) imebakia: namna ya kufanya badada nabo bapate

Huku Bukavu kilio ikiisha tu, mabishano inaanza: sheria njo itasaidia bamama, ao tungoje kwanza batu babadilike roho? Kumbe sheria iko tangu 1987, kode ya jamaa ya Kongo, kama papa hakuacha testama (karatasi yake ya kugawa mali) batoto yake bote, mwanaume na mwanamuke, banagawana sawasawa robo tatu ya mali, na robo yenye inabakia ni ya bibi yake pamoja na bazazi na bandugu ya marehemu. Na paka leo baba mukubwa anasimama mu saloni anasema "mutoto mwanamuke ataenda kwa bwana yake". Kwa hiyo sheria peke yake haikutoshaka, lakini bila yayo pia utalia bure, mi naona kazi ni kujua saa gani unatumia ipi.

Anza na makaratasi, mbele ya kuongea na mutu: akti ya kifo, akti za kuzaliwa, sertifika ya parseli ao fishi ya parseli yenye muko nayo, piga kopi, ya kweli uchunge mbali na ile nyumba. Kama kuko mutoto wa inje tafuta karatasi yenye papa alimutambua nayo akiwa muzima, juu iyo njo inamuingiza mu barizi.

Halafu usikimbilie kikao. Enda kwa shangazi. Beba kilo ya sukari, kitabu ya sheria acha kwako, kaeni, muulize tu: "Shangazi, parseli ya papa yenu ilienda kwa nani?" Kisha nyamaza, hata kama kimya inakuumiza. Shangazi wa kwetu, kule Kadutu, komini ya Bukavu, alikuwa anasemaka kila siku eti basichana ni ba batu bengine, mi nilijua atanifukuza. Akaweka kikombe chini, akahesabu bakaka yake kwa vidole, batano, kila mumoja na fasi yake kule kwenye kilima, yeye alipewa kikwembe. Kimoja. Siku ya kikao alisema wa kwanza, hakuna mutu alibishana naye, juu baba mukubwa ataambia avoka (mwanasheria) nini apende, lakini dada yake mwenye alimulea atamuambia nini?

Baba mukubwa alijaribu tu mulango ya pili, akasema basi yeye njo atasimamia kugawa. Hapo njo sheria inatoka mu mufuko. Kama hakuna testama, musimamizi ni murizi mwenye miaka mingi kupita bengine, ao, yeye akiachia, mwenye barizi benyewe banachagua, na sheria haikusema awe mwanaume. Somesha iyo page ya kode mutu mutulivu, kijana wa baba mukubwa hivi, hapana mujane, juu yeye akisoma bataanza kumuita mulozi (mbaya, lakini njo vile tuko). Na mujane mwenyewe ajue: ana haki ya kubakia mu nyumba yenye baliishi na bwana yake, kama mutu anamuambia "toka", aseme tu iyo haki yake.

Parseli zetu kule juu haziwezi kukatwa vipande saba, hata choo haitaenea. Mara mingi inafaa nyumba ibakie moja, mugawane pesa ya bapangaji, ao mwenye anataka nyumba alipe bengine polepole, na ile pesa mupange tarehe, juu "nitakupatia" ya kaka inaweza kufika miaka kumi.

Mukimaliza, andika PV (karatasi ya yale mulipatana) palepale, mbele batu baende kula. Majina yote, nani amepata nini, sinyatire ao kidole, mashahidi, na shefu wa avenyu akiwa hapo. Bakikataa kusaini, tribinali ya amani njo inasikiaka mambo ya urizi, na utaingia na zile kopi zako. Bakisaini, kila murizi achukue kopi yake, na moja mupeleke kwa shangazi, ataiweka chini ya kile kikwembe.